Pasi ya treni au tiketi moja moja? Hesabu ya familia inayokwenda Ulaya

Kila ikikaribia likizo ya mwezi wa saba swali ni lile lile. Mtu anapanga kwenda Ulaya na mke na watoto, ameona tangazo la Eurail kwamba pasi moja inakupandisha treni za nchi 33, halafu mwingine kamwambia achana na pasi kata tiketi mapema utapata kwa bei ya kutupa, sasa hajui amsikilize nani. Ukweli ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa sahihi, inategemea familia yako ikoje, mnaenda nchi gani na, hili ndo watu wengi hawalisemi, mtakuwa na uhakika wa tarehe zenu lini.

Tuanze na nauli zenyewe maana hapa ndo wengi wetu tunapotea. Kwetu nauli ya treni imeshapangwa. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini Tanzania, ilipotangaza nauli za treni ya SGR mwaka 2024, Dar hadi Dodoma daraja la kawaida ikawa shilingi 31,000, basi ukikata leo au ukikata asubuhi ya safari ni 31,000 ile ile, na Nairobi hadi Mombasa nako ni hivo hivo, kuna bei ya daraja na inajulikana. Ulaya treni za mwendokasi zinauzwa kama ndege. Siti ya Köln kwenda Berlin unaweza kuikuta euro ishirini na kitu ukikata miezi mitatu kabla, na siti hiyo hiyo siku ya safari ikavuka euro 100, treni ni ile ile, behewa ni lile lile, umekaa na mtu aliyelipa robo ya ulicholipa wewe. Ile bei ndogo ina masharti yake, Ujerumani wanaiita Sparpreis, inakufunga kwenye treni moja ya saa fulani, ukiikosa kwa sababu mtoto alikuwa chooni basi tiketi imekufa. Ila kama treni yenyewe ndo imechelewa na unategemewa kufika zaidi ya dakika 20 nje ya muda, unafunguliwa, unaruhusiwa kupanda nyingine. Na juu ya hapo kuna ile tiketi huru ya bei kubwa, unapanda treni yoyote ya siku hiyo kwenye njia hiyo.

Treni ndogo za mikoani zenyewe kwa sehemu kubwa hazina mchezo huo. Italia kwa mfano treni ya mkoa bei yake inaenda kwa umbali, ukikata miezi miwili kabla hujaokoa hata senti, nunua siku hiyo hiyo stesheni. Ukipewa ya karatasi tu usisahau kuipiga muhuri kwenye kile kimashine kabla hujapanda, faini yake inauma.

Sasa pasi. Kuna Eurail na kuna Interrail na watu wanazichanganya kila siku. Eurail ilianza 1959 kwa ajili ya wageni wanaotoka nje ya Ulaya, Interrail ikaja 1972 kwa vijana wa Ulaya wenyewe, leo zote zinauzwa na kampuni moja na bei zinakaribiana sana. Kinachotofautisha ni unaishi wapi, pasipoti yako ya rangi gani haihusiki hapa. Mtanzania anayeishi Mwanza anachukua Eurail, Mtanzania mwenye kibali cha kuishi Uholanzi anachukua Interrail. Hapo mwishoni nitarudi kwa hao wenye ndugu Ulaya maana wana mtego wao.

Pasi inayotumika zaidi na familia ni ile ya siku za kuchagua, yaani unanunua siku 4, 5 au 7 za kusafiri ndani ya mwezi mmoja (zipo na za 10 na 15 ndani ya miezi miwili), na siku ambayo umeamua kuitumia unapanda treni kadri utakavyo mpaka saa sita usiku. Siku mnazozurura mjini hazihesabiwi. Ya siku 4, daraja la pili, mtu mzima, inacheza kwenye euro 280 hadi 300, vijana wa miaka 12 hadi 27 wanapata punguzo la mpaka asilimia 25, wazee wa 60 kwenda juu wanapunguziwa asilimia 10. Bei zinabadilika, na mara kadhaa kwa mwaka wanatoa ofa, kwa hiyo angalia bei ya wiki unayonunua usitegemee ya kuambiwa. Metro na tramu za mjini hazimo. S-Bahn za Ujerumani, yaani treni za mjini na vitongoji vyake, zile zinazoendeshwa na shirika lao la reli Deutsche Bahn zimo, na hiyo inasaidia kuliko inavyoonekana.

Halafu watoto, hapa ndo kwenye uzito wa jambo lote. Kwenye pasi, mtoto chini ya miaka 4 hahitaji chochote. Wa miaka 4 hadi 11 anapata pasi ya bure, ila ni watoto wawili tu kwa kila mtu mzima mwenye pasi, na lazima umuombee wakati unanunua ya kwako. Mtu mzima mwenyewe si lazima awe mzazi, akishakuwa na miaka 18 basi, iwe shangazi, kaka mkubwa au jirani. Sasa mama anayesafiri peke yake na watoto watatu wa miaka 5, 8 na 10, yule wa tatu ananunuliwa pasi ya kijana kwa hela kamili ya kijana. Na mtoto akishafikisha 12 habari ya bure imeisha. Umri unaohesabiwa ni wa siku pasi inapoanza kazi, kwa hiyo kama binti anatimiza 12 tarehe 20 na nyie mnaanza tarehe 15, amesalimika.

Upande wa tiketi moja moja kila nchi ina umri wake. Ujerumani ndo wakarimu, mtoto chini ya 6 hahitaji tiketi na wa 6 hadi 14 anapanda treni za masafa marefu bure akiwa na mtu mzima mwenye tiketi. Sharti ni moja, awe ameandikwa kwenye tiketi tangu mwanzo. Unapokata kwenye apu ya Deutsche Bahn kuna sehemu ya kuchagua wasafiri, unaongeza mtoto, unachagua kundi la miaka 6 hadi 14, bei ya jumla haisogei hata senti moja. Watu wanaona kwa vile ni bure basi hakuna haja ya kumuandika, mkagua tiketi anapita, mtoto hayupo kwenye tiketi, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa. Uholanzi mtoto wa 4 hadi 11 anachukua tiketi ya Railrunner ya euro 2.50 na anazunguka nchi nzima siku hiyo akiwa na mkubwa. Ufaransa chini ya 4 bure, 4 hadi 11 ananunuliwa tiketi kwa punguzo.

Umeona tofauti lakini? Mtoto wa miaka 13 kwenye pasi ni kijana wa kulipiwa euro mia mbili na ushee, kwenye tiketi ya Ujerumani ni sifuri. Ndo maana mtu akiniuliza pasi au tiketi swali langu la kwanza ni watoto wana miaka mingapi, la pili mnapita nchi gani, bei ya pasi inakuja baadaye kabisa.

Chukua familia ya baba, mama, mtoto wa 9 na wa 13. Wanashuka Frankfurt, wanaenda Köln, kisha Berlin, kisha München, wanarudi Frankfurt kupanda ndege. Safari nne. Pasi za siku 4 tuweke 285 mara mbili, 570, wa miaka 13 tuweke 210, wa 9 bure, jumla euro 780. Kwenye tiketi watoto wote wawili hawalipi, kwa hiyo unagawa 780 kwa tiketi nane za watu wazima, inakuja kama 97. Hiyo 97 ndo namba yako. Ukipata nauli kwa wastani wa chini ya hapo kwa mtu mzima kwa kila kipande cha safari, tiketi zimeshinda, na ukikata mapema utapata chini ya nusu ya hapo bila shida. Ukisubiri mpaka siku ya safari, Berlin kwenda München tu tiketi huru inaweza kukuvusha 150 na hapo pasi inaanza kuonekana ya maana. Familia hiyo hiyo ingekuwa na watoto wa 7 na 9, pasi zote zingekuwa 570, namba inashuka mpaka 71, tayari hesabu imesogea na hakuna kilichobadilika zaidi ya umri wa mtoto mmoja.

Hesabu hiyo fanya na ya kwako kwa karatasi. Jumla ya pasi zenu gawa kwa idadi ya tiketi za kulipia mtakazohitaji, halafu ingia kwenye apu za reli uone kama nauli za tarehe zenu ziko juu au chini ya hapo. Dakika 20 umemaliza.

Ila usiishie hapo kwa sababu kuna malipo ya siti, na haya ndo yanaharibu hesabu za watu. Pasi inakupa haki ya kupanda, haimaanishi una siti. Ujerumani, Austria, Uswisi, Uholanzi na Ubelgiji treni nyingi za ndani unapanda tu, kubuku siti ni hiari. Ufaransa, Hispania na Italia kwenye treni za mwendokasi ni lazima, na unalipia juu ya pasi. TGV za ndani ya Ufaransa tegemea euro 10 hadi 20 kwa kichwa, Frecciarossa za Italia zaidi ya euro 10, Eurostar ya London kwenda Paris thelathini na kitu. Na yule mtoto mwenye pasi ya bure naye analipa siti, pasi ndo ya bure, siti siyo. Watu wanne kwenye Eurostar mmeshatoa zaidi ya 120 na hapo pasi mlishanunua na siku moja ya pasi imeliwa, wakati tiketi ya kawaida iliyokatwa mapema haikuwa mbali sana na hapo. Tena siti za wenye pasi kwenye treni kama hizo zina idadi, zikiisha zimeisha hata kama treni ina nafasi, na mwezi wa saba na wa nane zinaisha mapema. Kwa hiyo ule uhuru wa kuamka na kuamua leo tunaenda wapi, Paris kwenda Barcelona haupo, utabuku wiki kadhaa kabla kama wenye tiketi tu. Ouigo, zile treni za bei rahisi za Ufaransa, pasi haiingii kabisa.

Mimi kwa Ufaransa, Hispania na Italia na watoto nakata tiketi, sioni sababu ya pasi labda muwe na miji mingi sana. Kwa Ujerumani, Austria na majirani zao pasi inapumua vizuri. Na hata pale ambapo siti ni hiari, kama una watoto na mzigo buku. Deutsche Bahn walikuwa na bei ya siti ya familia nzima kwa pamoja, wakaifuta Juni 2025, sasa kila kichwa euro 5.50, watu wanne ni 22 kwa safari moja, inauma kidogo lakini Ijumaa jioni ICE, treni yao ya mwendokasi, imejaa watu wamekaa chini karibu na milango na wewe una mtoto wa miaka 5 amesinzia begani, hutaijutia hiyo 22. Ukibuku chagua eneo la familia. Ukifika stesheni angalia ubao wa jukwaani unaonyesha behewa lako litasimama kwenye herufi gani, A, B, C na kuendelea, nendeni mkasimame pale pale kabla treni haijafika, maana ikisimama ni dakika chache tu na kupita ndani ya mabehewa saba na masanduku manne ni kazi.

Sasa la viza, na kwa mtu anayetoka Dar, Nairobi au Bujumbura nadhani hili linazidi mengine yote. Ushauri wa wenyeji wa Ulaya siku zote ni kata mapema. Kwao ni rahisi, hawaombi ruhusa ya mtu. Sisi viza ya Schengen unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari na isizidi siku 15 kabla, majibu kwa kawaida ndani ya siku 15 lakini wanaweza kufika 45. Ada tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa 6 hadi 11, ile familia yetu ya watu wanne ni euro 315 kabla hata hamjapanda treni (wa miaka 13 analipa kama mkubwa), na kama mnataka kupita London hiyo ni viza nyingine kabisa na ada nyingine. Sasa wewe ukate tiketi nane za bei ndogo zisizorudishwa mwezi wa tatu, viza itoke mwezi wa saba au isitoke, au watoke wawili na mtoto mmoja faili lake likwame. Ile akiba yote uliyofurahia inaondoka kwa siku moja.

Kwa hiyo kwa familia inayosubiri viza mimi naangalia zaidi ni nini kinarudishika. Pasi ambayo hujaianzisha kwa kawaida unairudisha wanakata asilimia 15, ila zile za ofa soma masharti kwanza kwa sababu si zote zina ruhusa hiyo, na ukiinunua una miezi 11 ya kuianzisha, viza ikichelewa mwezi mzima pasi yako bado nzima. Sparpreis ya kawaida ya Ujerumani unaweza kuifuta kabla ya siku ya safari kwa makato ya euro 10, ila ile ya chini yake zaidi, Super Sparpreis, hairudishwi. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili mara nyingi ni euro chache tu, kama viza haijatoka lipa hizo chache. Na ubalozi unataka kuona mpango wa safari ulioeleweka, lakini mpango unaweza kuuandika miji na tarehe bila kuwa umeshalipia kila treni. Viza ikitoka wiki sita kabla bado nauli nzuri zipo, hazitakuwa zile za chini kabisa lakini pia hamjacheza kamari na ada ya shule.

Uswisi niiweke peke yake kwa sababu kule mambo yamegeuka. Nauli za Uswisi ziko juu na kwa sehemu kubwa hazishuki ukikata mapema kama kwa majirani, kwa hiyo kama familia inakaa kule siku tatu au zaidi na mnazunguka, Swiss Travel Pass inastahili kuangaliwa kwa makini. Inaingia treni, mabasi, meli za kwenye maziwa, usafiri wa mijini, na makumbusho zaidi ya 500. Na wanatoa Swiss Family Card bure, watoto wa miaka 6 hadi 15 wanasafiri bure, kumbuka yule wa miaka 13 aliyetugharimu kwenye Eurail, hapa halipi. Lakini lazima awe na mzazi mmoja mwenye pasi. Akiwa na shangazi au bibi analipa nusu, na sisi tunaosafiri na watoto wa ndugu tunalisahau hilo mpaka tunapofika dirishani. Na wanaotaka kupanda Jungfraujoch wajue pasi haifiki kileleni, kile kipande cha mwisho unapata punguzo tu na kilichobaki ni hela ndefu kwa familia.

Nimalizie na wenye ndugu kule. Tuseme dada yako anaishi München, nyie mnatoka Tanga mnataka mzunguke naye. Nyie ni Eurail, yeye ni Interrail, na Interrail ndani ya nchi unayoishi inakupa safari mbili tu, moja ya kutoka na moja ya kurudi. Kama mzunguko wenu ni wa Ujerumani tupu pasi yake haina kazi, akate tiketi, au kama mnaenda na treni za mikoani ana Deutschlandticket yake ya mwezi na anasafiri bila kulipa zaidi. Nyie pia mnaweza kuichukua hiyo, wageni hawakatazwi, tangu Januari 2026 ni euro 63 kwa mwezi, ila ni ya kujiandikisha inayojirudia yenyewe, usipoifuta kabla ya tarehe 10 wanakukata na mwezi unaofuata mkiwa mmesharudi nyumbani. Haiingii ICE, na watoto wa miaka 6 kwenda juu hawapandi bure kwa hiyo ya kwako, wanahitaji tiketi zao. Na dada asije akawanunulia Interrail kwa anwani yake kwa nia njema ya kurahisisha mambo, pasi inaandikwa jina na namba ya pasipoti ya msafiri, mkagua akiomba pasipoti na kuona viza ya kitalii siku yenu imeharibika. Yeye aingie kwenye apu, akate tiketi ya watu wazima watatu, awaandike watoto wote kwa umri wao, abuku siti mkae pamoja, na awatumie picha ya tiketi yenye namba ya behewa kabla hamjatoka hotelini.